UZI: Nimeweka gemu ya mboga kwa kibanda changu cha PS Mtopanga, na kuna kitu nimekiona nataka wazazi wenzangu mkisikie

Baba_Swabra (Mtopanga)

Asalaam aleikum jamani, na wale wa hamjambo hamjambo pia. Uzi utakuwa mrefu, nawaomba msome mpaka mwisho kwa sababu hili jambo laniuma na nimekaa nalo miezi sasa.

Mimi nina kibanda cha PS, yaani PlayStation, gemu za kucheza kwa TV, huku Mtopanga, Mombasa, mwaka wa sita huu. Mashine nne, mechi shilingi 20, wateja wangu wengi ni watoto wakitoka shule na wikendi tangu asubuhi. Na kama vibanda vyote mnavyovijua, ukutani nlikuwa nimetundika krips, biskuti, bolgam, mabuyu ya rangi, na mlangoni friji ya soda. Sitawaficha, zile krips na soda zilikuwa zaingiza karibu nusu ya pesa ya siku. Mtoto akishashika pedi hatoki pale, akisikia njaa anyoosha mkono tu, ashapata.

Sasa mwanangu Swabra, miaka 8, alianza kulia usiku jino jino. Nikampeleka kwa daktari wa meno, magego mawili yakang'olewa siku moja na mengine matatu yametoboka. Daktari hakunigombeza, aliniuliza swali moja tu, "akiwa kwako dukani hunywa nini?" Nilishindwa kujibu. Nlirudi nyumbani na mtoto amefungwa pamba mdomoni nikaitazama ile friji, wallahi nilijiona kama mimi ndo niliyemtoboa yale meno.

Nina mpwa wangu yuko chuo, ajua mambo ya kompyuta. Nikamwambia hawa watoto hawasikii maneno lakini gemu wasikia, hebu tutengeneze moja ya chakula. Akaitengeneza kwa Scratch, ile programu ya bure iliyobuniwa MIT, chuo cha Marekani, ya kuunda gemu kwa kupanga vipande vipande, na uzuri wake inakuja hadi kwa Kiswahili. Gemu yenyewe ni nyepesi: mtoto yuko soko la Kongowea na kikapu, akimbia baina ya vibanda aokota mchicha, tungule, papai, pojo, dagaa, embe, huku akiruka chupa za soda zinazobingirika. Akiokota mchicha nguvu yapanda polepole na yakaa, akigusa soda akimbia mbio sana kidogo halafu achoka apumua juu juu hawezi kuruka. Nikaiweka kwa laptopu pale kwenye kona, bure, mtoto acheza akingojea zamu yake ya mpira.

Waliipenda! Wiki mbili hivi ukimuuliza mtoto mchicha wafanya nini akujibu waongeza damu, papai? macho. Nikafurahi nikamwambia mke wangu mambo yamekuwa.

Halafu Jumapili nikahesabu mauzo. Krips zimeuzwa kuliko wikendi yoyote ya mwezi ule. Nikahesabu tena. Nikakaa kuangalia watoto badala ya kuangalia pesa, na nikaona: mtoto acheza gemu ya mboga, amaliza, ametoka kutazama chakula dakika kumi mfululizo, tumbo limeamka, na kilicho karibu na mkono wake ni nini? Krips.

Mpwa wangu akanitafutia utafiti uliofanywa Uholanzi, ulitoka 2013. Walichukua watoto 270 wa miaka 8 hadi 10, wengine wakachezeshwa gemu ya tangazo la peremende, wengine gemu ya matunda, wengine gemu isiyo na chakula, na wengine hawakucheza kitu. Kisha wakawekewa mabakuli ya vitamu na ya matunda wale wapendacho. Waliocheza gemu za chakula walikula zaidi, HATA WALE WA MATUNDA, na kilichozidi hasa ni vile vitamu. Matunda hayakuzidi. Nliposoma pale nikasema basi, hiki ndo kibanda changu.

Kwa hivyo nauliza, hizi gemu za kufundisha watoto kula vizuri zafaa au twajidanganya? Nyinyi mwaona nini majumbani kwenu?

MamaRayyan_Tudor

Baba Swabra pole sana na mtoto, meno ni mateso, inshallah yatapona.

Mimi Rayyan wangu ana miaka 6 na kwa simu yangu kuna ile gemu ya Pou, kile kidude cha kahawia unakilisha, unakiogesha, unakilaza. Nlikuwa naiona nzuri maana yamfundisha mtoto kulea kitu. Sasa ukikilisha sana kile kidude chanenepa, na mle ndani kuna duka, wanunua dawa ya chupa kwa koini chakonda palepale. Siku moja tuko kwa dadangu Ganjoni, dadangu alikuwa alalamika amenenepa tangu ajifungue, mtoto akasema mbele ya wageni "khalati nunua ile dawa ya chupa". Watu wakacheka lakini mimi sikucheka. Mtoto wa miaka 6 ashaamini kwamba unakula utakavyo halafu unanunua chupa, na hakuna aliyekaa kumfundisha hivyo, ni kucheza tu.

Kwa hivyo swali lako mimi naligeuza: gemu zashafundisha watoto kula, kila siku, tujue tusijue. Kilichobaki ni zafundisha nini.

Nesi_Likoni

Kaka Baba Swabra shukran kwa uwazi wako, wazazi wengi wakija kliniki hawasemi hivyo. Mimi ni nesi, hii mada iko karibu na kazi yangu kwa hivyo niache niseme kwa urefu.

Huo utafiti wa Uholanzi ni kweli lakini usikate tamaa kwa sababu upo upande mwingine. Houston kule Marekani, Baylor College of Medicine, kuna mtafiti anaitwa Tom Baranowski ambaye amefanya hili jambo miaka mingi. Yeye na wenzake walikuwa na gemu mbili, Escape from Diab na Nanoswarm. Ile ya kwanza kijana ameanguka katika ulimwengu uitwao Diab unaotawaliwa na mfalme Etes, yaunganisheni hayo majina mawili mtaona ni diabetes, yaani kisukari. Matokeo yalichapishwa 2011, watoto 133 wa miaka 10 hadi 12, na waliocheza waliongeza matunda na mboga kwa siku kama theluthi mbili ya kipimo kimoja. Kipimo kimoja ni kama tunda moja la kadiri. Sio kingi, lakini ni mtoto kula chungwa zaidi ya nusu ambalo jana hakulila, na kila siku. Ila na haya niyaseme: maji ya kunywa hayakuongezeka, mazoezi hayakuongezeka, na miili haikubadilika.

Sasa tofauti na gemu yako iko wapi? Kule mtoto hakuachwa aokote mboga tu. Gemu ilimtaka ajiwekee ahadi, kwamba kabla hajarudi kucheza atakula kitu fulani nyumbani, na apange atakipata wapi na ikikosekana atafanyaje. Akirudi aulizwa, ulifanya? Yaani gemu yenyewe ilikuwa na mkono mpaka jikoni kwao.

Na kuna ya zamani zaidi, 1995, kwa mashine ya gemu ya Super Nintendo, Packy & Marlon, tembo wawili wana kisukari wako kambini, mchezaji lazima awapimie sukari, awachagulie chakula, awadunge insulini ipasavyo. Waliwapa watoto wenye kisukari wa miaka 8 hadi 16 wakacheza nyumbani miezi sita, na safari zao za dharura kwa daktari zilipungua kwa asilimia 77. Mimi nikisoma hiyo nawafikiria watoto wangu wa kliniki, wale ambao mama ndiye ajuaye kila kitu na mtoto hajui hata kwa nini adungwa. Yule mtoto wa gemu alikuwa akizungumza na wazazi wake juu ya ugonjwa wake, ndo lililonigusa.

Jambo la mwisho, soda. Chupa ya mililita 300 ina sukari kama gramu 32, hiyo ni vijiko vidogo 8. Ile ya plastiki ya nusu lita ni gramu 53, vijiko 13. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilisema sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwa chini ya 5 ni bora zaidi, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Mtu mzima! Mtoto akimaliza chupa moja kwako ashapita.

Mzee_wa_Kaloleni

Wanangu nimewasoma wote kwa heshima. Lakini mimi niko huku Kilifi na nitasema lisilosemwa.

Ile hesabu ya serikali ya afya ya jamii ya 2022 ilisema watoto waliodumaa Kenya ni asilimia 18, Kilifi ni 37. Ni ya juu kuliko kaunti zote. Mtu wa Mombasa akivuka daraja la Nyali akaenda mbele kidogo ashafika kwenye hiyo 37. Mtoto wa huku hajakosa kujua kwamba mchicha ni mzuri. Mvua haikunyesha, mahindi yamekauka, mama apika sima kwa chumvi. Huyo utamwekea laptopu? Mimi naogopa tukizungumza sana gemu tutamlaumu mtoto na mzazi kwamba hawajui, na ukweli ni kwamba hawana.

Baba_Swabra (Mtopanga)

Mzee wangu shikamoo. Umenena na nimelipokea. Sitaki kabisa mtu atoke kwa uzi huu aseme shida ya chakula ni ujinga wa watoto. Kwa anayelala njaa gemu haina kazi, hapo ni chakula shuleni na mvua na serikali.

Ila mzee hawa wangu wa Mtopanga wana zile shilingi 10 na 20 mkononi, mimi naziona, kwa sababu nazichukua mimi. Shilingi 10 yanunua krips na shilingi 10 hiyo hiyo yanunua ndizi au kipande cha nanasi kwa mama wa matunda aliye hatua tano kutoka kwa mlango wangu. Hapo ndo nasimama mimi, palipo na pesa tayari na chaguo liko.

Dada Nesi, hiyo ya "mkono mpaka jikoni" umenifungua kichwa. Nitarudi.

mwl_changamwe

Niongezee kama mwalimu wa gredi ya 5. Kwenye mtaala sasa kuna Kilimo na Lishe, watoto wafundishwa makundi ya vyakula, wachora, wapaka rangi, mtihani wapata vizuri. Kisha mapumziko watoka mbio kwa viazi karai na barafu za rangi nje ya geti. Kujua kumo ndani ya daftari.

Kinachokosekana ni ulimi. Mtoto mdogo akikataa mboga mara ya kwanza si kwamba haipendi, haijui. Wataalamu wa watoto wasema huenda akahitaji kuionja mara nane, kumi, wengine hadi kumi na tano, kidogo kidogo bila kulazimishwa, ndo aizoee. Mama wengi twaacha mara ya tatu twasema huyu hali mboga. Na gemu yaweza kufanya kila kitu isipokuwa kumwonjesha. Mimi darasani nlifanya siku ya kuonja, kila mtoto kijiko kimoja cha mtoriro, ile mboga ya majani, wa nazi. Thelathini na kitu walikunja uso. Wiki ya pili wakakunja wachache. Wiki ya nne kuna mmoja aliniuliza, mwalimu leo hakuna?

Kwa hivyo gemu ije kabla ya kijiko, imtie hamu. Na kijiko kiwe tayari pale pale, sio kesho.

DogoWaKodi_Bamburi

Nawasalimu wakubwa. Mimi natengeneza apu, nataka kusema kitu ambacho wazazi wengi hamkioni. Hizi gemu za bure kwa simu, hata ile mnaona ni ya kielimu, katikati kuna matangazo. Mtoto amaliza leveli moja, yaja sekunde thelathini ya tangazo. Mengine ni ya kamari, mengine ni ya baga na vinywaji, na ziko gemu nzima zilizotengenezwa na kampuni za vyakula ili mtoto acheze na peremende yao. Mtoto mdogo hajui hapa ni gemu na hapa ni duka, kwake yote ni katuni.

Dawa rahisi: zima data kabla hujampa simu. Gemu nyingi zaendelea bila intaneti na matangazo yakatika. Baba Swabra ile ya Scratch nzuri kwa sababu haina tangazo hata moja, waweza kuipakua ikacheza kwa laptopu bila bando.

MamaRayyan_Tudor

Dogo shukran sana hii ya data sikuijua, leo leo nazima.

Nami kwangu nimeweka sheria, chakula ni mkekani, simu juu ya kabati, hata ya babake. Maana mtoto akila huku atazama skrini hajui ameshiba saa ngapi, amaliza sahani aomba nyingine na hakumbuki alikula nini.

Baba_Swabra (Mtopanga)

Nimerudi wiki tano baadaye, nina mambo ya kusimulia.

Kwanza niliondoa. Soda zimetoka, krips zimetoka ukutani. Friji ni ileile lakini mna maji, na juisi ya ukwaju mke wangu aitengeneza kwa sukari kidogo. Wiki ya kwanza niliumia mfukoni, mauzo yalishuka nikakaa usiku nahesabu kodi ya kibanda. Mke wangu akaniambia meno ya Swabra yalikuwa shilingi ngapi? Nikanyamaza.

Pili, ule mkono mpaka jikoni. Mpwa wangu aliibadilisha gemu: ukimaliza sokoni huwezi kuingia leveli ya pili bila neno la siri, na hilo neno halimo ndani ya gemu. Liko kwa mama wa matunda. Mtoto aenda pale, anunua kipande cha shilingi 10, akila mbele yake apewa neno la siku hiyo. Kila siku neno lingine na tunda lingine. Siku ya Jumanne ilikuwa stafeli, kuna kijana wa miaka 11 hapa mkali wa mpira, alisema hicho ni kitu cha wazee hali. Akakaa saa nzima aangalia wenzake leveli ya pili. Akaenda, akala huku amefumba macho. Akarudi kimya akaingiza neno. Alhamisi nikamwona peke yake pale kwa mama ananunua stafeli, na neno la siku ile lilikuwa kwa papai.

Asiye na shilingi 10 pia apewa. Mama wa matunda mwenyewe alisema, kile kipande kilichobonyea jioni asikitupe, ampe mtoto na neno lake. Mzee wa Kaloleni hiyo ni kwa sababu yako.

MamaRayyan_Tudor

Mashallah. Lakini niulize kwa nia njema, hiyo si kama kumhonga mtoto? Mimi niliwahi kumwambia Rayyan maliza mboga nikupe simu, akamaliza mwezi mzima, siku simu ilipoharibika mboga nazo zikaisha. Sasa aiona mboga kama adhabu ya kupitia.

Baba_Swabra (Mtopanga)

Mama Rayyan swali lako ni zito na limenilaza macho. Ndio, wapo waliokuwa wakila kwa ajili ya neno tu. Wiki ya nne mpwa wangu alikuwa na mitihani hakubadilisha maneno, kwa hivyo watoto walikuwa wanalijua lile la zamani, hakukuwa na haja ya kununua. Nikasema hebu nitazame. Wengi hawakwenda. Lakini kuna kama saba, nawajua kwa sura, waliendelea kwenda, na wanne kati yao ni wale wadogo ambao mwanzo walikuwa wakali kabisa wa krips. Saba kwa thelathini na kitu. Mimi ni mtu wa kuhesabu, na naona saba si sifuri.

Na tofauti nyingine, mboga za Rayyan alikuwa akila peke yake akingoja simu. Hawa wala pamoja wamesimama pale wakichekana, nani amekunja uso, nani ameomba kipande cha pili.

Nesi_Likoni

Hao saba mimi nawachukua. Na Mama Rayyan ana haki, kwa hivyo pendekezo langu neno la siri lisiwe kwa kumaliza, liwe kwa kuonja. Akionja akatema, apewe neno. Mtoto asijifunze kumeza kwa nguvu, ajifunze kwamba kuonja hakuna hatari. Ndo alivyosema mwalimu, mara kumi, mara kumi na tano.

mwl_changamwe

Naunga mkono. Na uongeze mboga sio matunda peke yake, tunda lina utamu mtoto alikubali haraka, kazi iko kwa mchicha na kunde.

Baba_Swabra (Mtopanga)

Imepita, kuonja tu. Mke wangu asema Jumamosi baada ya alasiri atapika mtoriro wa nazi na pojo, vijiko vidogo vidogo, watoto wa mechi za jioni waonje kabla ya kuanza. Walio karibu karibuni, kibanda kiko nyuma ya msikiti, ukiuliza kibanda cha PS, yeyote atakuonyesha.

Nesi_Likoni

Jumamosi sina zamu. Nitavuka feri mapema nije na chupa tupu ya nusu lita, kilo ya sukari na kijiko, watoto wenyewe wahesabu hadi 13.

Mzee_wa_Kaloleni

Mimi kuja siwezi, miguu. Lakini kuna gari la mboga linatoka huku Ijumaa usiku kwenda Kongowea, nitampa utingo gunia dogo la mabuyu ya mtini yasiyotiwa rangi wala sukari, na kunazi kidogo. Waonjeshe hao watoto waone mabuyu yalivyo yenyewe. Nipe namba kwa ujumbe wa faragha.